Saa Saba, Geuka

Ijumaa, 28 Desemba 2007

…na ndiyo sababu sikukujibu vizuri siku ile, Marion, uliponiuliza kama siogopi. Ulikuwa unanifunga vifungo vya gauni mgongoni, watu wanapiga vigelegele nje, ningekujibuje? Sasa nimetulia kwangu Eldoret, nina daftari ulilonipa zawadi, nina mume wa wiki mbili, na jibu ninalo. Naogopa, lakini nampenda kuliko ninavyoogopa. Ulisema niandike kila kitu ili ukija usome mwenyewe. Basi soma.

Javan yuko kazini, anapanda mnara wa simu kubadilisha taa. Hiyo ndiyo kazi yake miezi ya kawaida. Lakini Januari na Februari, mvua ikishakatika, yeye ni mtu wa Mlima Kenya, wa zile ncha za mawe ambazo hazipandwi kwa miguu bali kwa kamba. Jumapili iliyopita alinipeleka kwenye magenge ya Elgeyo, karibu na Iten, anakofanyia mazoezi. Ungemwona! Vidole vyake vinapapasa jiwe kama mtu anayetafuta swichi gizani, kisha anajivuta juu polepole, hana haraka, shati linapepea. Nililionea jiwe wivu.

Chini alisimama Kabiru ameshika kamba. Kabiru ni seremala, mtu mfupi, mkimya, Mkikuyu wa hapa hapa Eldoret. Wamepanda pamoja miaka sita. Javan aliposhuka akamkumbatia, akaniambia, "Huyu ndiye mke wangu wa kwanza. Hajawahi kuniacha nianguke."

"Na mahari bado hajalipa," Kabiru akasema.

Nilicheka, lakini moyo ulinichoma kidogo. Mimi ndiye mke.

Tukinywa chai nikamuuliza Javan hatari iko wapi hasa. Akasema, akiniita binti wa Maragoli kwa Kijaluo chake, "Nyar Maragoli, mwamba wenyewe hauna shida. Nauona, naushika. Shida ni vile visivyo mikononi mwangu. Mawe yanayodondoka. Ukungu. Barafu ikiyeyuka kwenye nyufa. Hivyo vyote huja mchana. Kwa hivyo dawa ni kutokawia."

"Saa saba, geuka," Kabiru akaongeza. "Umefika kileleni, hujafika, saa saba unaanza kushuka. Hata kilele kikiwa hapa." Akanyoosha mkono, karibu anishike pua.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo ya uchaguzi yametangazwa jioni. Mtaani kelele, kisha kimya, kisha kelele nyingine. Javan amesukuma kabati mlangoni. Amenishika mkono muda wote, nami nikawaza, hata dunia ikiisha leo, mimi nimeolewa. Sijui kama ni dhambi.

Jumanne, 1 Januari 2008

Moshi pande tatu. Nguo nilizoanika zimekuwa nyeusi.

Jumatano, 2 Januari

Kabiru na mkewe Wacera wamekuja alfajiri kupitia ua wa nyuma. Nyumba yao imechomwa, na karakana. Wacera ana mimba ya miezi sita na amevaa ndara zisizofanana. Kabiru alikuwa amebeba kitu kimoja tu begani. Kamba.

"Nyumba inaungua," Wacera akasema, na hakulia, "mimi nachukua vyeti, natafuta blanketi, yeye anakunja kamba. Anaikunja vizuri, pole pole, kama mtu anayefunga duka."

Kabiru akajibu chini chini, "Randa na msumeno vinauzwa popote. Kamba hii ninajua kila uzi."

Chumba chetu ni kimoja. Tumetundika shuka katikati. Mchana vijana walipita na mapanga wakiuliza kama kuna "madoadoa", yaani Wakikuyu, kwenye ploti. Jirani yetu Perez, yule mama ambaye nimekuwa nikimnung'unikia kwa umbea wake, alisimama getini mikono kiunoni. "Hapa ni watu wa Ziwa na Waluhya tu," akawaambia. "Hata panya ni wa kwetu. Mnataka kumwona panya?" Wakacheka, wakaenda. Aliporudi ndani alikaa kwenye ngazi ya mlango, akajipangusa jasho kwa leso. Nilimletea maji. Sitamnung'unikia tena.

Ijumaa, 4 Januari

Polisi wamesindikiza watu waliochomewa nyumba hadi uwanja wa maonyesho. Kabiru na Wacera wameenda kwa lori. Kamba wametuachia.

Jumatano, 9 Januari

Hakuna mkate. Javan amepika uji akaniletea kitandani. Uji wenyewe una madonge. Niliumaliza wote.

Jumapili, 20 Januari

Tumewapelekea unga na nguo uwanjani. Mahema ni mengi, vumbi jekundu, watoto wanakohoa. Wacera alinipokea kwa mdomo wake ule ule: "Karibu, bibi harusi. Samahani sijatandika viti."

Wanaume wakaenda pembeni, nikawafuata. Walikuwa wanazungumzia mtihani. Marion, sikukueleza: wanaoongoza wapandaji wana mtihani wa daraja la kwanza, unafanywa Februari pekee, kwa watu wawili wawili. Mnapanda Nelion, moja ya zile ncha za Mlima Kenya, na kushuka siku hiyo hiyo, huku mzee wa mtihani akiwatazama kwa darubini kutoka kibanda cha wapandaji kilicho chini yake. Mwaka huu ni tarehe kumi na tisa. Mkifaulu mnaweza kuongoza wageni wenu wenyewe. Mkikosa ni mwaka mwingine.

Nilidhani baada ya haya yote Kabiru atasema basi. Akasema, "Mimi sina karakana tena, Javan. Sina nyumba. Nimebaki na mikono hii na wewe."

"Na mimi je?" Wacera akauliza kutoka nyuma yetu. "Mimi umeniweka wapi, kwenye begi?"

Ijumaa, 25 Januari

Kabiru na Wacera wameondoka na msafara kwenda Nyeri kwa dada yake Wacera.

Jumatatu, 28 Januari

Redio inasema Nakuru na Naivasha watu wanauawa, na sasa wanaowindwa ni Wajaluo. Barabara ya kwenda mlimani inapita Nakuru. Kitambulisho cha mume wangu kimeandikwa Javan Ooko, na jina hilo la Kijaluo halijifichi.

Nimemwambia haendi. Tumegombana mara ya kwanza tangu harusi. Nimesema kifo cha jiwe ningeweza kuelewa, lakini si cha kutolewa kwenye gari. Akasema, "Nisipoenda, yeye hawezi kufanya mtihani. Ni watu wawili. Alinishikia kamba miaka sita, leo nimwambie naogopa watu wa kwao?"

Nimelia hadi nikalala. Naongeza Jumanne: asubuhi nilikuta amenifunika sweta lake. Nifanye nini na mtu kama huyu?

Jumapili, 3 Februari

Joto. Vumbi. Hatujaongea kuhusu hilo.

Alhamisi, 14 Februari

Ameondoka leo, siku ya wapendanao! Barabara imetulia kidogo, magari yanasafiri kwa msafara na polisi mbele. Nimemwekea chapati kumi na mbili na barua, asiisome mpaka afike.

Stendi nilimshika koti. Nikamwambia, "Niahidi kitu kimoja. Ukifika kileleni, nipigie."

Akasema, "Kule juu si mahali pa maongezi, nyar Maragoli. Kule ni nusu ya safari tu. Nitakupigia nikishuka."

"Ukishuka utakuwa mtu wa kawaida. Nataka unipigie ukiwa juu ya kila mtu. Mara moja tu, Javan. Nisikie upepo." Na nikaanza kulia, na nakiri, nusu ya machozi yalikuwa ya kweli na nusu niliyasaidia.

Akacheka, akanifuta kwa kidole gumba. "Haya. Nimeahidi."

Nimerudi nyumbani nikiruka mitaro kama msichana wa shule.

Ijumaa, 15 Februari

Amefika! Kabiru alishuka mpaka Nyahururu kumpokea, akakaa naye gari moja, akawaambia watu, "Huyu ni kaka wa mke wangu, ni bubu." Javan, mtu asiyenyamaza hata akipiga mswaki, amekaa bubu saa tatu nzima! Mama mmoja akamhurumia, akamlisha ndizi kwa mkono. Kabiru alilazimika kugeukia dirishani ili asicheke. Javan alinisimulia kwa simu akiwa Naro Moru, chini ya mlima, anacheka mpaka anakohoa, kisha akasema, "Kwenye kizuizi kijana mmoja alinitazama sana. Kabiru akanishika goti, hakuliachia mpaka tukapita."

Nimeacha kumwonea Kabiru wivu. Leo leo.

Jumatatu, 18 Februari

Wako kibandani chini ya barafu. Kesho. Nimesafisha nyumba mara mbili.

Jumanne, 19 Februari

Marion, Marion, Marion! Amenipigia kutoka juu ya mawingu!

Nianze mwanzo. Stima ilipotea asubuhi na simu yangu ikafa, siku ya leo kati ya siku zote! Nilikimbia kwa kinyozi mwenye jenereta, nikakuta simu za mtaa mzima zimepanga foleni. Nilimsihi mpaka akaniwekea mbele ya zingine. Nilipoiwasha saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na kabla sijaitoa kwenye waya ikalia mkononi mwangu.

"Nimekupigia mara kumi na tisa," akasema. Mara kumi na tisa! Nani mwingine ana mume wa mara kumi na tisa? Alikuwa akiipasha betri joto kwapani na kutembea huku na huku akitafuta netiweki. Na upepo niliusikia, Marion, unavuma kama mtu anapuliza chupa. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Asubuhi niliona mpaka Kilimanjaro. Sasa mawingu yanapanda." Nikamwambia aniambie ananipenda. Akasema. Nikamwambia tena. Akasema. Nyuma yake nikasikia Kabiru anaita, "Javan! Twende!" nami nikasema, "Mwambie Kabiru asubiri kidogo, leo ni zamu ya mke wa pili," nikamfanya aseme mara ya tatu. Kinyozi na wateja wake wakanipigia makofi.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Naandika na mkono unaruka.

Jumatano, 20 Februari

Hajapiga. Pengine betri.

Jioni. Bado. Ninapiga, mteja hapatikani. Wacera pia hana habari, amesema tu, "Unaniuliza mimi? Mimi huwa naambiwa mwisho."

Alhamisi, 21 Februari

Saa tano asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua. "Mama, mimi ni Walubengo, mzee wa mtihani. Kwanza nisikilize: mume wako yuko hai."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Nayaandika alivyonieleza. Walipoanza kushuka ukungu ulikuwa umeshawafunika, na mawe yamelowa. Kabiru alibaki juu kwenye ukingo ameshika kamba, Javan akavuka ubavuni. Mguu ukateleza. Akaanguka, kamba ikakazika ghafla na kuubana mkono wa kushoto wa Kabiru kwenye ncha ya jiwe. Mzee akasema, "Pale, Mama, mtu yeyote anaufungua mkono. Mwili wenyewe unaufungua. Yule hakuufungua." Javan alining'inia mpaka akapata pa kukanyaga na kuifunga kamba mwambani, mkono wa Kabiru ukaachiliwa. Walilala kwenye ukingo, mvua ya barafu inawapiga. Jana watu wa mzee waliwafikia. Javan ameumia goti. Kabiru yuko hospitalini Nyeri.

"Na mkono wake, Mzee?"

"Madaktari wanauangalia."

Niliuliza nifanye nini. Akasema, "Uombe, Mama. Na uweke simu yako chaji."

Siku nzima nimekaa nimeishika. Perez alileta ugali, akaketi nami bila kusema neno, yeye Perez! Hakuna ninachoweza kufanya. Kutoka hapa hadi kule ni nusu ya nchi, na mimi siwezi hata kushika ncha ya kamba.

Ijumaa, 22 Februari

Wamemkata Kabiru vidole vitatu.

Jumatatu, 25 Februari

Mume wangu amerudi. Anachechemea. Nilimrukia mlangoni, nikambusu mashavuni, nikamkagua vidole kimoja kimoja mpaka akavuta mkono wake.

Nilimuuliza kuhusu mtihani, akasema, "Tumeanguka. Tulichelewa kugeuka."

Nami, Marion, nataka usome jinsi nilivyosema, sitayafuta. Nilisema, "Kabiru huwa mzito sana. Nilimwona siku ile Elgeyo, anafunga fundo moja mara tatu."

Javan alinitazama. Kisha akaenda kulala na viatu.

Alhamisi, 28 Februari

Leo wametia saini, wakubwa wa siasa wamepatana. Mtaa mzima umetoka nje na redio, Perez anacheza barazani. Javan alikuwa ameenda dukani na kuacha simu kitandani. Ikalia. Wacera.

"Mumeo mbona hashiki simu siku tatu? Kabiru anamuulizia. Anataka kujua kama goti limepona."

Nikasema pole. Nikasema pole nyingi. Kisha, sijui shetani gani, nikasema ni bahati mbaya tu kwamba walichelewa, na kila mtu ana mwendo wake.

Nilisikia redio yao pia, sauti ile ile ya taarifa ya habari. Wacera akasema taratibu, bila matusi, na ningependelea matusi, "Bibi harusi, hujaambiwa? Walifika juu saa sita na nusu. Wangegeuka saa sita na nusu. Mumeo alikaa kule juu saa nzima na zaidi anamtafuta mkewe kwenye simu. Na Kabiru akamngoja, kwa sababu alisema ni ahadi."

Nje watu walikuwa wanaimba.

Nilifungua daftari hili kwenye tarehe kumi na tisa. Saa nane kasoro dakika kumi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono unaoruka. Saa saba, geuka, waliniambia Elgeyo nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na saa nane kasoro namwambia amwambie Kabiru asubiri.

Javan alinikuta nimekaa hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ili ufanye nini nalo?"

"Ulijua muda umepita."

"Nilijua saa saba, na saa saba na robo, na saa saba na nusu. Kila mara nikasema moja ya mwisho. Kabiru alinionyesha saa, nami nikamwambia, wewe umeoa miaka mitano, umesahau." Akakaa kando yangu. "Si mwamba ulionichelewesha. Uliniomba wewe, lakini miguu iliyosimama ni yangu."

Alitaka kunifariji, najua. Nilimwangalia na kwa mara ya kwanza sikumwona yule mtu wa magenge ya Elgeyo. Niliona mwanamume wa miaka ishirini na saba aliyetaka kumfurahisha msichana. Nampenda. Lakini leo upendo wenyewe umenitisha, kwa sababu nimeona kitu unachoweza kufanya ukiachiwa.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani tumetoa shukrani kwa amani na kwa kurudi kwa Javan. Mchungaji alinisimamisha. Nilisimama.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya meza.

Jumamosi, 8 Machi

Javan alirudi kutoka kwenye mnara kabla ya saa nne. Alipanda mita kumi akashuka. Anasema hakuna aliyemshikia chini. Minara hupandwa na mtu mmoja, siku zote imekuwa hivyo.

Nimemwambia twende Nyeri. Amesema, "Nikamtazame vipi? Seremala, Musimbi. Mkono wa kushikia msumari." Nimempikia samaki. Hakula. Nimejaribu kuimba, nimejaribu kununa, nimejaribu kunyamaza. Hakuna ninachofanya kinachofika alipo.

Jumatano, 12 Machi

Wacera amejifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume, mdogo lakini analia vizuri. Dada yake ndiye aliyetuma ujumbe. Javan aliusoma mara mbili, akanipa simu, akatoka kusimama mvuani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Wacera mwenyewe. Nilizunguka meza kwanza, mara sijui ngapi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, unanijua, yale ya kadi. Aliposema "Haloo" yote yakapotea.

Nikasema, "Ni mimi Musimbi. Ni mimi niliyemwomba apige simu. Nililia stendi mpaka akaahidi. Kabiru alipoita, mimi ndiye niliyesema asubiri."

"Najua," akasema. "Alikusikia."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Anasema ulisema zamu ya mke wa pili." Mtoto akalia karibu na simu, akamtuliza. "Mimi sikucheka, nikuambie ukweli."

"Naomba—"

"Usiniletee pole, bibi harusi. Pole ninazo gunia zima, za Eldoret na za hapa. Unajua kufua?"

"Najua."

"Nepi. Kwa maji baridi, huku mtoni. Dada yangu anarudi shambani kwake wiki ijayo. Kabiru anajaribu kuzikamua kwa mkono mmoja, anakanyaga ncha moja kwa mguu, anakasirika, halafu anajifanya hajakasirika. Siwezi kumtazama." Sauti yake ikapungua. "Na huyo bubu wenu yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nje, na kwamba sijui kama nitaweza kumleta, kwamba kuna mambo mengi ambayo sikujua kuwa siyawezi, na sasa najua. Sikumwahidi kwamba Javan atakuja. Nilishaona ahadi ninazowabebesha watu wengine zinafika wapi.

Lakini mimi mwenyewe nitaenda. Msafara wa polisi siku hizi hauhitajiki, Perez ameshanionyesha kituo cha kubadilishia gari Nakuru, na kama ni kukaa bubu hadi Nyeri nitakaa bubu. Nimemuuliza Wacera nilete sabuni ya mche au ya unga. Akasema ya mche. Nimemwambia aache nepi zirundikane, asimruhusu Kabiru aziguse, kwa sababu mwezi huu hautaisha kabla sijafika.